Konokono Kwenye Bilauri

Kila nyumba ya mtaa wetu, hapa mto unapoingia baharini, huweka barazani bilauri yenye konokono aliyeokotwa kwenye tope la nyumba hiyo. Jua likimpiga akatoa minyoo ya maradhi, maji huwa meupe, na mkaguzi huwahamisha wenye nyumba siku hiyohiyo.

Ijumaa maji yetu yalikuwa meupe. Nyuma ya ukuta wetu amelala mwanangu Saumu, hata arobaini yake haijafika. Nikaibadilisha bilauri yetu na ya jirani yangu, Bi Hidaya.

Barazani kwa Bi Hidaya, mkaguzi aliigonga bilauri kwa ukucha. “Mama, funga mizigo.”

“Huyu konokono jana alikuwa mzima!”

“Jana ilikuwa jana, mama.”

Lori lilipoanza kuunguruma, Bi Hidaya alishuka akanikabidhi ufagio wake wa chelewa.

“Shoga, afadhali umebaki wewe. Kaburi la mzee wangu nakuachia. Unamjua alivyokuwa, jani moja tu uani, kelele nyumba nzima.”

“Nitamfagilia.”

“Basi naondoka na moyo mweupe.”

Kila asubuhi namfagilia mumewe. Kwa Saumu bado sijaweza kwenda.