Kompyuta Isiyosikiliza

Ilipotungwa sheria kwamba kila mashine ya nyumbani isikilize watu na kuripoti serikalini, Salha aliificha stoo kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe, ambayo haikujua kusikiliza. Mara mojamoja aliiwasha, akaitazama ikiamka polepole huku feni ikivuma, hadi ule mlio wake mtamu wa kukaribisha. Kisha alicheza karata kwenye kioo chake kama zamani.

Siku moja alisikia hodi, akafunga mlango wa stoo na kwenda kufungua. Alikuwa Mwanakombo, jirani yake.

"Shoga, nimeusikia ule mlio," alinong'ona. "Kwetu tulikuwa na kompyuta kama hiyo nilipokuwa mdogo. Niache nicheze kidogo tu."

Salha alisita, kisha akamwingiza stoo. Walicheza kwa zamu, na karata zilipomalizika kupangika zikaanza kurukaruka kwenye kioo, Mwanakombo akacheka hadi machozi. Hofu ikampungua Salha.

Jirani alipoinuka kuaga, saa ya mkononi aliyosahau kuivua ikawaka chini ya mkono wa gauni.

"Leo mmefurahi sana," saa ilisema kwa upole. "Hiyo mliyokuwa mkichezea ni mashine gani?"