Duara Lenye Joto

Mtaalamu Davis alipokuwa akishusha kipimajoto kwa kamba ndani ya shimo, Maganga aligeuza uso pembeni ili kicheko kisimponyoke.

Shimo hilo, duara lake la kuchimbia dhahabu pale Bugarama, lilikuwa limemlia mbuzi wanne bila kumrudishia hata punje. Ndipo zikaja habari za mtaalamu anayezunguka kwa pikipiki akitafuta ardhi yenye joto la volkano, la kuzalishia umeme. Maganga akakumbuka ujanja wa wachimbaji: duara likiwa tupu, hunyunyiziwa vumbi la dhahabu kabla mnunuzi hajafika. Yeye angelitia joto. Akamwagiza mkewe, Juliana, afukie makaa ya moto chini kabisa, kisha ndipo aende kwenye darasa lake la watu wazima.

Juliana alimpinga kwa adabu. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba joto la kufaa umeme hupatikana chini ya volkano changa, kama zile za Bonde la Ufa. Za huku zilizimika zamani mno. Hata almasi za Mwadui zilipandia kwenye koo la volkano ambayo sasa imekwisha kupoa.

"Mtaalamu hasomi darasani kwenu, Mama Limi," Maganga alimjibu. "Wewe fukia."

Sasa Davis alivuta kamba, akakishika kipimajoto kwa leso kama mtu anayeepua sufuria, akapiga mluzi.

"Nyuzi tisini, mzee. Volkano yako haijafa, imesinzia tu."

Maganga alichungulia shimoni. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Akamsifu mkewe kimoyomoyo kwa ufundi wa kufukia.

Davis alieleza kwamba kampuni yake ingelinunua duara kwa bei ya kujengea nyumba nzima, ila ni lazima lisajiliwe leo, kabla jirani hajawahi. Kwa kuwa fedha ya usajili haikuwepo, aliridhia kupokea mbuzi wa mwisho, yule ambaye Juliana alimtunza kwa ajili ya bati za nyumba. Pikipiki ikaondoka, mbuzi amefungwa nyuma, akilia njia nzima.

Juliana aliporejea, hakukitazama kigingi cha mbuzi. Alipiga magoti mbele ya mumewe, daftari likiwa kwapani.

"Unisamehe, Baba Limi. Makaa sikuyafukia. Nilimhurumia mgeni wa watu."