Pingamizi la Spesiose

Umewahi kumwona mtu akiwekewa pingamizi na mama yake mzazi? Basi Agnesi aliyaona hayo siku ya kuapishwa uwakili.

Alikuwa amesimama mbele ya jaji, joho jeusi limepigwa pasi mpaka linameta, na kalamu ya jaji iko tayari juu ya daftari kubwa la mawakili.

“Kuna mwenye pingamizi?” jaji aliuliza, kama aulizavyo kila mwaka, na kila mwaka hajibiwi.

Benchi la nyuma likalia kwi! Akainuka Spesiose, mama yake, na kitenge chake cha sikukuu. “Nipo mimi.”

“Kaa chini, mama wee!” jirani yake akamvuta. “Utamharibia mtoto!”

Agnesi akageuka. Miaka yote ile ya kusoma, leo mama ndiye wa kuifuta?

“Pingamizi gani, mama?” jaji akauliza.

“Hilo jina, Mheshimiwa. Agnesi si jina lake. Alipewa na karani wa mpakani siku tunavuka, nimembeba mgongoni. Alisema letu linamchosha.”

Agnesi akamtazama mama yake. Ndipo alipokumbuka kwamba mama hajamwita Agnesi hata siku moja; sikuzote ni mwanangu, mwanangu.

Kalamu ikabaki hewani. “Sasa ulitaka nini?” jaji akauliza, sauti imeshuka.

“Nilitaka nimwite kwa jina lake mbele za watu, kabla hujaandika lile la karani. Inamahoro! Simama wima, Inamahoro.”