Umeamkaje

Kila alfajiri Zamzam alikisoma kibao cha mlangoni kabla hajawasha jiko. Kiliandika habari kutoka kwa vifuko vilivyozunguka katika damu ya mama yake, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, vilivyoundwa kuusaka ugonjwa popote ulipojificha na kuumwagia dawa papo hapo. Mjini kila mtu alitiwa vyake.

Leo kibao kilisema uvimbe wa ini umekwisha.

Zamzam alikaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, akalia kwa shukrani. Zamani Bi Mwanaidi, mama yake, alimjibu "salama" kila aliyemuuliza hali. Hata siku aliyoanguka arusini kwa jirani, asubuhi ya siku hiyohiyo alisema ameamka salama. "Salama" hiyo nusura imzike.

Akampelekea chai ya tangawizi chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje?"

Tangu vifuko vianze kazi hakuwahi kumuuliza tena, maana jibu lilikuwa mlangoni. Leo alitaka kulisikia kutoka kinywani mwa mama mwenyewe.

Bi Mwanaidi alikipokea kikombe, akakiweka kando. Akajipapasa tumbo, kifua, shingo, kama mtu aliyesahau alikoweka funguo. Kisha akanyoosha shingo kuchungulia mlangoni, lakini kutoka kitandani kibao hakikuonekana.

"Sijui, mwanangu," alisema kwa upole. "Hebu nenda kanisomee."