Mzunguko Mmoja Tu

Mlinzi wa kinamasi aliruka kutoka kwenye mtumbwi wake, akadandia boti ya feni iliyokuwa ikipita na kuchomoa ufunguo. Feni kubwa ya nyuma inayoisukuma ilizunguka kivivu, kisha ikanyamaza. Matete yalilala kama yamefyekwa, na mafuta yalitanda juu ya maji yanayonywewa na mji mzima.

"Dada, usiniharibie kazi," nahodha alinong'ona. "Hebu tazama nimembeba nani."

Abiria alivua vizibo vya masikio. Alikuwa mkubwa wa kazi wa mlinzi, yule yule aliyepiga marufuku boti za injini humu.

"Mama, tuelewane," mkubwa alisema. "Mzunguko mmoja tu."

"Wanangu wanakunywa maji haya!"

Mkubwa alicheka.

Mlinzi alitia ufunguo mfukoni.

"Vua viatu, mkubwa. Nchi kavu ni kule."