Kiatu cha Ukoo

Kiatu kilishonwa asubuhi ile kwa ngozi ya fahali, kikawekwa katikati ya ukumbi. Desturi ya Waviking wa mji huo ilikuwa wazi: bwana akitaka kumwingiza mtoto wa nje katika ukoo, yeye na warithi wake wote hutia mguu katika kiatu hicho, mmoja baada ya mwingine.

Bwana Halsteni alitangulia. Kisha akamwita Ormi, kijana aliyejileta juzi akidai ni mwanawe kwa mjakazi.

"Ngoja!" alisema Gunhilda, mama yake Halsteni. Hakuwa tayari mjukuu wake Sigvati agawane mashamba na mtu wa kuja. "Miguu mitupu! Ukoo wetu wote tuna vidole viwili vya mguu vilivyoungana. Nivione."

"Bibi huyu atakagua hata maiti," mtu alinong'ona, wenzake wakacheka.

Ormi akavua buti. Vidole viwili vilikuwa vimeungana. Gunhilda aliinama, akajaribu kuvitenganisha kwa kucha. Havikutengana.

"Haya, tia mguu," alisema, uso umemshuka. "Sigvati, mjukuu wangu, vua nawe uwaonyeshe."

Sigvati alimtazama mama yake, Astrida, mke wa Halsteni, ambaye Sigvati alipokuwa mtoto hakuruhusu mtu mwingine amwogeshe. Astrida alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya mwanawe. Alishika kamba za buti lake kwa mikono miwili, na hakuna aliyeweza kujua kama anazifungua au anazikaza.