Kanda Kumi na Moja za Wete

Kisanduku kilikuwa kimefutwa vumbi hadi kinang'aa, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Mzee Msabaha ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kuswali Ijumaa, kofia bado kichwani. Akazima kompyuta, akawasha tena. Faili kumi na moja alizoziacha humo Ijumaa iliyopita hazikuonekana. Akapiga magoti chini ya meza, akakaza waya mmoja mmoja. Taa mbili za kijani zilimeta kwa raha zao, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kisanduku hicho cha kuhifadhia faili hakukinunua kwa pupa. Jaswant, mzaliwa wa Tanga mwenye duka la kompyuta karibu na stesheni ya Rayners Lane, London, alimwekea visanduku viwili juu ya kaunta.

"Hiki kina diski moja, Mzee. Kinameza sinema mpaka mjukuu azeeke. Lakini diski ikifa, umelia. Hiki kina mbili. Unachoweka huku kinajiweka na kule. Moja ikifa, mwenzake anacho."

"Nipe cha mbili."

"Una sinema nyingi?"

"Nina kanda kumi na moja. Za kaseti."

Jaswant akacheka hadi akashika tumbo. "Kanda kumi na moja zinaingia kwenye flashi ya mfukoni! Wewe unakodi lori kubeba mkungu mmoja wa ndizi."

"Basi nikodishie lori. Na mtu wa nje asiweze kuingia."

"Hawezi, nitakufungia. Ila sikiliza, Mzee: hizi diski ni pacha. Ukifuta huku, na kule kumefutika."

"Nani atafuta?" alisema Msabaha.

Kwenye kanda hizo mlikuwa na sauti ya mama wa binti yake, Ibtisam. Miaka ile, simu ya Pemba ilikuwa shida, na watu walitumiana sauti. Mtu akisafiri, alipewa kaseti iliyoviringishwa ndani ya soksi. Mlisikika mvua ya Wete ikipiga bati, kuku, na sauti ile ikiita jina la Ibtisam, mara nyingine upande mzima wa kanda. Kila Ijumaa Msabaha aliufunga mlango wa chumba chake akasikiliza. Mkanda ulipokatika mara ya pili, siku tatu chakula hakikumpita kooni. Kutoka nyumba aliyoiacha Wete hakubakiwa na kitu kingine.

Ibtisam alifika London akiwa begani kwa baba yake, hajatimiza miaka miwili. Alipofika mitano aliuliza. Baba yake akamjibu, "Mama yako hayupo." Hakuuliza tena. Sasa alikuwa na ishirini na mitatu, mfamasia, na kama watoto wengi waliokulia huku, ulimsemesha Kiswahili akakurudishia Kiingereza. Kwa sababu hiyo hiyo Msabaha alimpa yeye kazi ya kuzihamishia kanda kwenye kompyuta, na si mtoto wa jirani.

Kila jioni Ibtisam aliketi na spika za masikioni.

"Unasikia nini humo?" baba yake alimuuliza siku ya kwanza.

"Chickens, Dad. Rain."

Msabaha akashusha pumzi.

Zilipokwisha kuhamishwa, kaseti zenyewe zilikuwa zimeota ukungu. Msabaha akazitupa kwa mkono wake. Si diski ziko mbili?

Mahmood, jirani yake wa tangu zamani, ndiye pekee aliyemsema. "Sauti ya maiti unaitia sandukuni, bwana, na hitima hujamsomea hata moja! Msomee mwanamke wa watu, tule pilau, naye apumzike."

Msabaha alimwongezea chai, akamuuliza habari za goti lake.

Na leo, akitoka kwenda msikitini, alimwita Ibtisam, ambaye hakuwa na zamu. "Kifute kile kisanduku, mwanangu. Kimejaa."

Kimejaa vumbi, ndivyo alivyokusudia. Neno vumbi halikumtoka.

"OK, Dad."

Sasa Msabaha alisimama katikati ya chumba, akaita. "Ibtisam!"

Akaja, kikombe mkononi.

"Umefanya nini?"

"You said futa."

"Vumbi! Futa vumbi, kwa kitambaa! Nani kakwambia ufute sauti?" Sauti yake mwenyewe ilipasuka. "Watu walinionya: mfundishe mtoto lugha. Nikasema atajua tu. Haya, Kiswahili chenyewe ndicho hiki, cha kuombea chai! Unajua mlikuwa na nini humu? Unajua nimebaki na nini mimi?"

Akakaa kitandani, akavua kofia, akajifunika nayo uso. Alilia kwa kwikwi, mzee wa miaka sabini, na hakujali kuonekana.

"Si kosa lako," akasema humo ndani ya kofia. "Hukuelewa. Kosa ni langu."

Ibtisam aliweka kikombe chini. Akavuta kiti, akaketi mbele yake. Alipofungua kinywa, Msabaha aliiondoa kofia usoni kwa ghafla, kwani sauti ilikuwa ile ile ya kwenye kanda, na Kiswahili kilikuwa cha Wete.

"Sikuzifuta, baba. N'mezihamisha, zi kwangu zote. Na jana n'mempigia simu mama. Asema siku ile alikwenda sokoni tu. Aliporudi, hakukuta mume wala mtoto."